Maswali ya Wasomaji: Bunduki ya Upepo kwa Mtoto Anayeanza

Barua za safari hii zimetoka zaidi kwa wazazi wa Marekani na Uingereza, ambako bunduki za upepo huuzwa madukani na watoto hujifunzia nazo shabaha. Tunaposema gololi tunamaanisha zile za chuma za bunduki ya BB. Peleti ni kile kidonge cha madini ya risasi chenye kiuno chembamba.

Mwanangu wa kiume ametimiza miaka tisa, na baba yake anataka kumnunulia bunduki ya upepo. Dukani tumeoneshwa moja iliyoandikwa futi 1,200 kwa sekunde na nyingine ndogo ya futi 350. Muuzaji anasema ile kubwa itamfaa mpaka awe mtu mzima. Tuchukue ipi? (Mama wa watatu, Columbus, Ohio)

Mama, ile ya futi 1,200 iacheni dukani. Namba ya kwenye boksi kwa kawaida hupatikana kwa peleti nyepesi ya aloi ambayo huenda hata msiitumie, na peleti inayovuka kasi ya sauti huyumba njiani. Bunduki ya namna hiyo hukokiwa kwa kuukunja mtutu wenyewe, kazi inayotaka nguvu ya kilo 15 au zaidi. Mtoto wa miaka tisa hana nguvu hiyo. Atakachofanya ni kuegemeza kitako tumboni au kusimika mdomo wa mtutu chini na kuulalia, na hapo ndipo vidole hubanwa na mtutu huelekea usoni. Halafu bunduki yenyewe ina kilo tatu na zaidi.

Mpimeni kwa mkono wake kabla ya kutazama bei. Akunje kiwiko nyuzi 90, kitako kikae kwenye kunjo la kiwiko, kisha muone kama kidole cha shahada kinafika kwenye triga bila kunyoosha mkono. Kisipofika, bunduki ni ndefu kwake. Mtoto wa umri huo huhitaji sentimita 28 hadi 32 kutoka triga hadi mwisho wa kitako, wakati za watu wazima huwa na 34 hadi 36. Kisha ashike akiwa amesimama, alenge ukutani kwa sekunde ishirini. Akianza kuinama nyuma ili kubeba uzito, ni nzito kwake, hata akiwaambia anaiweza.

Ile ndogo mliyooneshwa, kama ni Daisy Red Ryder, imekuwa sokoni tangu 1940. Ina takriban kilo moja, hukokiwa kwa leva, na kiwanda kinaiweka kwa watoto wa miaka kumi na kuendelea, mtu mzima akiwepo. Kwa wa miaka tisa sisi tungechagua Daisy 499, yenye kasi ya futi 240. Ndiyo inayotumika kwenye mashindano ya taifa ya Daisy, ya watoto wa miaka 8 hadi 15, wanaopiga kwa umbali wa mita 5. Inaingizwa gololi moja kwa kila mpigo, kupitia mdomo wa mtutu, na uzuri wake uko hapo hapo: mtoto hawezi kuharakisha, na mzazi aliyesimama kando anajua kila wakati kama kuna kitu ndani au hakuna. Leva ikimshinda, mkokieni nyinyi mpaka mikono ikue. Kwa kuwa hiyo huingizwa gololi kwa mdomo wa mtutu, utaratibu ni mmoja: mtu mzima anakoki, anaweka sefti (kile kizuizi cha triga), mtutu unatazama juu mbali na nyuso zote, gololi inaingia, na hakuna anayeinama juu yake.

Msidhani udogo ni usalama. Gololi ya Red Ryder hutoka na nguvu isiyofika jouli 2, na nguvu hiyo inatosha kabisa kupofusha jicho. Nunueni miwani ya kinga siku hiyo hiyo, ya mpigaji na ya kila anayetazama.

Bunduki yangu imeandikwa 4.5 mm, na kopo la gololi limeandikwa 4.5 mm, na peleti pia 4.5 mm. Kwa hiyo zote zinaingia? (Msomaji, Houston)

Hapana. Gololi ya chuma kwa kweli ina kama milimita 4.4, na hupita kwenye mtutu laini usio na mifuo. Peleti ni laini, ina 4.5 kamili, nayo hushika mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu ili izunguke ikitoka. Ukiweka peleti kwenye bunduki ya gololi tu, itakwama katikati. Ukipiga gololi za chuma kwenye mtutu wa mifuo uliotengenezwa kwa peleti, unaikwaruza mifuo, na shabaha haitarudi tena. Zipo bunduki zilizoundwa kula vyote viwili, kama Crosman 760 na Daisy 880. Kitabu chake kitasema wazi. Kisiposema, chukulia hairuhusiwi.

Na gololi iliyokwisha kupigwa usiiokote uirudishe kwenye bunduki, hata ikionekana nzima. Huwa imebonyea kidogo au imebeba mchanga, nayo ndiyo hukwamisha njia.

Kijana wetu hupiga mpaka bunduki ya gololi inatoa upepo mtupu mara tatu nne, kisha huilaza kwenye kochi akisema imekwisha. Inatosha? (Baba wa kijana, Minneapolis)

Haitoshi, baba, na tunashukuru umeuliza, kwa sababu ajali nyingi za bunduki hizi huanza kwa maneno hayo hayo, "imekwisha".

Ghala la gololi la Red Ryder hubeba 650. Kwenye bunduki nyingi za namna hii gololi huteremka kwa uzito wake zenyewe kuelekea kwenye mlango wa mtutu. Vumbi kidogo, gololi moja iliyobonyea, au bunduki kushikwa vibaya, na zile za mbele hubanana mlangoni. Ukifyatua unasikia upepo mtupu. Ukifyatua tena, mtupu. Kisha bunduki inalazwa kwenye kochi, ule mtikisiko mdogo unazibandua, moja inateremka mahali pake. Anayekuja kuichezea akiamini ni tupu anapiga gololi ya kweli.

Dawa ya kwanza ni kuhesabu. Usijaze ghala. Mpe gololi kumi kwenye kisahani, aingize kumi, ahesabu mashimo kumi kwenye karatasi. Mashimo yakiwa tisa, kazi haijaisha mpaka ya kumi ionekane.

Ya pili ni kumwaga: fungua mlango wa ghala, geuza bunduki, tikisa juu ya bakuli hadi pasiwe na mlio. Kisha koki mtutu ukiwa umeinuka kidogo ili gololi iliyobaki iteremke, elekeza kwenye boksi la shabaha, fyatua, rudia mara kadhaa huku ukiitikisa katikati.

Ya tatu tunaipenda kuliko zote. Tafuta fimbo ya plastiki au ya mbao inayopita kwenye mtutu bila kulazimishwa. Siku bunduki ikiwa tupu kwa hakika, haijakokiwa na sefti imewekwa, ingiza fimbo kwa mdomo wa mtutu mpaka igote, na uzungushe utepe mwekundu pale inapokutana na mdomo. Tangu siku hiyo, kila mkimaliza, ingiza fimbo ukisimama ubavuni mwa bunduki. Utepe ukigusa mdomo, mtutu ni mtupu. Utepe ukibaki nje hata kwa unene wa gololi moja, milimita nne tu, kuna kitu ndani.

Hata baada ya yote hayo, mtutu hauelekezwi kwa mtu.

Tunapiga uani, na uzio wa mbao uko nyuma ya shabaha. Jana gololi ilirudi ikampiga binti mguuni. Kwa nini, na tutengeneze nini? (Dada wa Seattle)

Chuma hakibonyei. Peleti ya risasi ikigonga kitu kigumu hubonyea na kupoteza nguvu, lakini gololi hudunda na kurudi kwa njia ile ile iliyojia. Mbao ngumu, matofali, bati, chupa, kopo lililojaa maji: vyote huirudisha. Safari hii ulikuwa mguu, dada. Uzio huo acheni kuutumia.

Chukua boksi la katoni nene, kama sentimita 40 kwa 40 na kina cha 30. Lijaze magazeti na majarida ya zamani yaliyosimama wima yakitazama mbele, yabane mpaka yasicheze. Bandika karatasi ya shabaha usoni. Nyuma ya boksi ning'iniza zulia kuukuu au blanketi zito, likining'inia huru bila kuvutwa, upana wa mita moja na nusu hivi. Zulia linalocheza hula nguvu ya gololi. Lililokazwa kwenye fremu huirudisha. Kila baada ya mapigo mia chache geuza majarida, kwa sababu katikati hutoboka na kuwa handaki, na gololi zilizolala humo huwa ukuta wa chuma kwa zinazofuata. Hapo ndipo boksi jema linapoanza kurudisha.

Kwa peleti unaweza kutumia boksi la mbao lenye sentimita 5 za udongo laini ambao mafundi umeme huzibia mabomba ya nyaya. Haukauki, na peleti hubaki ndani yake. Mitego ya bamba la chuma lililoinamishwa ni ya peleti peke yake.

Niliipulizia WD-40 bunduki yangu ya springi ili isipate kutu. Sasa inalia kama bunduki halisi na inatoa moshi. Imekuwa na nguvu zaidi? (Msomaji, Birmingham)

Imekuwa na moto ndani. Pistoni inapobana hewa kwa ghafula, hewa hiyo hupata joto kali, na mvuke wa mafuta ulioko kwenye silinda hulipuka, sawasawa na injini ya dizeli. Peleti hutoka kwa kasi usiyoijua, sili ya pistoni huungua pembeni, na springi hupigwa kwa mshtuko usio wake. Ukiendelea hivyo, itafika siku haitasukuma peleti hata mita tano.

Acha kupulizia. Pitisha vitambaa vikavu kwenye mtutu kuanzia upande wa nyuma mpaka vitoke safi. Kisha piga peleti nzito kidogo za risasi, si za aloi, kwenye mtego mzuri, hadi moshi ukome. Mlio mkali ukizidi kuendelea baada ya peleti ishirini au thelathini, mpelekee fundi aifungue na kuifuta.

Baada ya hapo kila sehemu na mafuta yake. Silinda ya springi yenye sili ya plastiki haihitaji karibu chochote. Pistoni ikianza kulia kama mlango, tone moja tu la mafuta ya silikoni ya bunduki za upepo, na usipige mpaka kesho yake. Silikoni isiende kwenye springi wala kwenye bawaba, haifai pale chuma kinaposugua chuma. Hapo paka grisi ya molibdenamu, kiasi cha punje ya mchele. Nje, futa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila baada ya kushikwa, maana jasho la vidole huandika kutu kwa usiku mmoja.

Bunduki ndogo za gololi za leva ni habari nyingine. Mbano wake ni mdogo, na sili yake, hasa ya ngozi kwenye zile za zamani, hutaka mafuta ili isikauke. Matone machache ya mafuta mepesi ya mashine kupitia mdomo wa mtutu, isimamishwe usiku kucha kitako kikiwa chini, na mara nyingi nguvu yake hurudi.

Jambo jingine kwa wenye springi: usifyatue bila peleti. Ile peleti ndiyo inayozuia hewa itoke yote kwa mara moja, na hewa hiyo iliyobaki ndiyo mto wa pistoni. Pasipokuwa nayo pistoni hugonga mwisho wa silinda chuma kwa chuma.

Bunduki ya pampu haishiki upepo. Napampu mara kumi, peleti inadondoka mbele ya miguu. (Kaka wa Nashville)

Sikiliza upepo unatokea wapi. Pampu mara tatu bila peleti, mtutu kwenye boksi, kisha uachie mkono wa pampu. Mkono ukisukumwa urudi wenyewe, vali ya kuingizia inavuja. Ukisikia msss mdomoni mwa mtutu, ni vali ya kutolea. Ukipampu na mkono unakuwa mwepesi kama hakuna kitu, kombe la pampu limekauka au limechanika.

Kukauka ndiko kunakotokea zaidi, hasa bunduki ikilala kabatini tangu mwaka jana. Crosman wanaelekeza tone la mafuta yao ya Pellgunoil kila mapigo 250, kwenye kitambaa kinene cha kichwa cha pampu na kwenye viungo vya mkono wake. Weka tone, pampu na kufyatua mara chache, iache usiku kucha, ujaribu tena. Isipopona, kuna seti za sili zinazouzwa kwa kila modeli, na fundi mzuri hubadilisha kwa saa moja.

Usizidishe pampu kumi kwa Crosman 760. Ukipita hapo vali hubanwa na upepo wake wenyewe, haifunguki vizuri, na baada ya kufyatua bado kuna hewa ndani. Wala usipige kwa chini ya pampu tatu: nguvu haitoshi, na gololi hubaki imelala mtutuni ikingoja inayofuata.

Binti yangu analenga vizuri lakini matundu yote yako kushoto, kama kiganja kimoja kutoka katikati. (Baba wa Portland, Maine)

Kama yamekusanyika pamoja, mpongeze kwanza. Kukusanya mahali pamoja ndiko kugumu. Kuhamisha ni kazi ya bisibisi.

Kagua skrubu za kitako kabla ya yote, maana zikilegea kilengeo unakisogeza bure. Kisha mpime jicho. Anyooshe mikono miwili, aache tundu dogo kati ya viganja, atazame kitasa cha mlango kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi, halafu arudishe viganja usoni taratibu. Vitakuja kwenye jicho linalotawala. Likiwa la kushoto na anapiga kwa bega la kulia, mjaribishe bega la kushoto. Watoto huzoea upesi. Ikiwa jicho ni sawa, sogeza kilengeo cha nyuma kulekule unakotaka tundu liende, yaani kulia, kidogo kidogo, ukipiga peleti tano kila mara kabla ya kusogeza tena.

Shikamooni. Nina miaka 15, naishi Leicester. Naweza kujinunulia ya kwangu? (Mwanafunzi)

Marahaba, mwanetu. Huwezi, Uingereza na Wales ununuzi ni kuanzia miaka 18, wala hairuhusiwi kupewa zawadi ikawa yako. Mzazi anunue, ibaki yake, ifungiwe asipokuwepo, kwa sababu tangu 2011 ni kosa mwenye bunduki kutochukua hatua za kuwazuia wasio na ruhusa walio chini ya miaka 18. Kwa umri wako unaweza kupiga peke yako kwenye eneo la binafsi ukiwa na ruhusa ya mwenyewe, mradi peleti isivuke mpaka wa eneo hilo. Walio chini ya miaka 14 lazima wasimamiwe na mtu wa miaka 21 au zaidi. Nguvu isipite jouli 16.3. Uskoti wana sheria yao: tangu mwisho wa 2016 hata bunduki ya upepo inahitaji cheti.

Tunaishi kwenye fleti Ohio. Watoto wakienda nayo bustanini ya mtaa jioni, kuna ubaya? (Mama wa vijana wawili)

Mama, wasiende. Tunaliandika hili kwa mzazi yeyote mwenye mtoto mweusi Marekani. Tarehe 22 Novemba 2014, huko huko Ohio, mjini Cleveland, Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, alikuwa bustanini na bastola ya plastiki ya kuchezea inayorusha vidonge vya plastiki. Mtu alipiga simu, polisi walifika, na ndani ya sekunde chache mtoto alikuwa amepigwa risasi. Alifariki siku iliyofuata.

Kwa hiyo msinunue bastola nyeusi inayofanana na ya polisi, hata kama ni rahisi. Nunueni bunduki ndefu yenye kitako cha mbao. Ibebwe na mtu mzima, tupu, ndani ya begi lililofungwa, kutoka mlangoni hadi garini hadi klabuni. Isionekane dirishani wala kwenye veranda. Na mahali pa kupigia pawe pa kupigia kweli: ulizeni ofisi ya 4-H (mpango wa mafunzo ya vijana) ya kaunti yenu kama wana kikundi cha shabaha, kwa kuwa wana wakufunzi waliofunzwa, na mara nyingi bunduki za kuazima, hivyo mnaweza hata msinunue kwanza.

Sheria nayo hutofautiana. Serikali kuu ya Marekani haihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha ya moto, lakini New Jersey inaihesabu, na jiji la New York haliruhusu kuwa nayo bila leseni. Mkihama jimbo, ulizeni kabla ya kufunga mizigo.

Nataka kumpelekea mpwa wangu Tanga ya kwangu ya zamani kwenye sanduku. (Mjomba, Dallas)

Usiiweke sandukuni kabla mzazi wake hajaenda polisi Tanga akauliza, na akapewa jibu kwa maandishi. Usitegemee neno la aliyewahi kupitisha.

Bunduki ya gesi ya CO2 inapiga vizuri kiangazi, lakini wakati wa baridi peleti zinaangukia chini ya shabaha. Imeharibika? (Msomaji, Ottawa)

Ni baridi tu. Katriji ya gramu 12 ina gesi iliyogeuzwa kimiminika, na msukumo wake hufuata joto: kwenye nyuzi 20 ni takriban bari 57, kwenye nyuzi 0 hubaki kama 35. Piga ndani, au acha nafasi ya dakika moja kati ya mpigo na mpigo, kwa kuwa kila mpigo nao huipoza bunduki. Weka tone la Pellgunoil kwenye ncha ya katriji mpya kabla ya kuikaza. Mkimaliza, isiachwe ndani ya bunduki mpaka wiki ijayo, maana sili hubanwa muda wote huo, na msiiache kabisa kwenye gari lililofungwa juani.